Chaja Iliyovishwa Gauni

Katika nyumba ile hakuna kitu kilichokaa uchi. Redio ilikuwa na kanzu yake. Televisheni ilikuwa na shela, iliyoteremshwa taarifa ya habari ikiisha. Mtungi wa maji ulivaa sketi ya marinda, na hata pasi, ambayo maisha yake yote ni moto, ilikuwa na koti la kulalia. Mwenye nyumba alikuwa fundi cherehani, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi ikamning'inia kifuani, na hakuamini kwamba kitu kimependwa mpaka kishonewe nguo.

Kwa hiyo mke wa mwanawe alipoingia uani siku moja na baiskeli ya umeme, iliyokwisha tumika lakini bado ina afya, mama yule aliizunguka, akaupapasa usukani, akayatazama magurudumu, akatafuta pa kuanzia, akakosa. Kitu kina pembe na miguu, utakivisha wapi? Ndipo macho yakatua kwenye chaja.

Chaja ilikuwa kasha jeusi la chuma, kubwa kidogo kuliko kipande cha sabuni ya mche, yenye waya wa kwenda ukutani na waya wa kwenda kwenye betri. Ubavuni ilikuwa na matundu membamba kama ya chujio, na nyuma ya matundu hayo feni ndogo, ambayo ilivuma chaja ikiwa kazini. Mama akaipima kwa utepe kama anavyopima watoto wa sare za shule. Jua halijazama, chaja ikawa na gauni la zambarau lenye lesi pindoni, vifungo mgongoni, na kitundu kimoja mbele cha kuonyesha taa.

"Vumbi la vitambaa humu ndani lingeimaliza," alisema akikata uzi kwa meno. "Sasa imestirika."

Mke wa mwana alishukuru. Angesema nini?

Mtaani walimwita Taratibu. Hakuna aliyekumbuka nani alianza, ila kila mtu alijua kwa nini. Alikula taratibu, alitembea taratibu, na ukimuuliza jambo alilitazama kwanza, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Wengine walidhani ni uzito wa kichwa. Hawakujua kwamba akinyamaza vile, anaangalia. Alimaliza darasa la saba, akaolewa, mumewe akaenda kujenga barabara za mbali, na yeye akawekwa kwenye kona ya chumba cha cherehani kushona vifungo. Vifungo havina mwisho. Ukimaliza vya mashati, vya makoti vinakungoja. Alijibana miaka hiyo yote mpaka akainunua ile baiskeli, ili awe anawapelekea wateja nguo zilizokwisha. Siku ya kwanza alipoupanda mlima akiwa amekaa kitini, upepo unampiga usoni na mota inanguruma chini kama paka aliyeshiba, alijua moyoni kwamba kwenye ile kona harudi.

Lakini makubaliano yalikuwepo, na mama mkwe aliyasema bila ubaya wowote, mdomo umejaa pini: "Ikijilisha, ikae. Isipojilisha, iuzwe, na wewe urudi kwenye vifungo, mwanangu. Nyumba haifugi kitu cha kutazama." Muuza mikate, aliyeitaka baiskeli ile, alishakuja kuipiga kengele yake, kuisikiliza inalia vipi.

Na kama kwa makusudi, baiskeli ikaanza kuchoka. Mlima ule ulikuwa na kona kali karibu na kileleni, watu waliiita Kona ya Pumzi, na hapo hapo ndipo vijiti vya chaji kwenye kioo cha usukani vilipoanza kudondoka, kimoja kimoja, kisha mota ikakohoa na kunyamaza. Taratibu akawa anashuka na kusukuma. Hapo alipitwa na dereva wa pikipiki aliyeitwa Moshi, kwa sababu moshi wake ulibaki barabarani hata yeye akishaondoka.

"Taratibu," aliuliza siku moja akipunguza mwendo ili asikike vizuri, "hiyo ni baiskeli, au ni mgonjwa unampeleka zahanati?"

Zahanati kweli ilikuwa juu ya mlima. Na huko ndiko kulikotoka neno lililomnyima Taratibu usingizi wa wiki ile. Nesi mkuu wa pale alikuwa anatafuta mtu wa kupeleka damu za wagonjwa maabara, chini mjini, kila siku ya kazi. Waliojitokeza walikuwa wawili, Moshi na Taratibu. Nesi mkuu, mwanamke mfupi asiyerudia neno, aliwasimamisha kwenye baraza.

"Damu si mchanga," aliwaambia. "Ikitikiswa inaharibika, maabara wanaikataa, na mgonjwa anachomwa sindano upya. Nataka mtu wa kushuka na kupanda bila kuisukasuka, na bila kuja kuniambia chombo kimekataa. Alhamisi asubuhi njooni na vyombo vyenu, tuone. Na atakayefika hapa juu anasukuma, asinipe sababu, ageuze tu."

Moshi alimtazama Taratibu, akatabasamu kwa huruma ya uongo. Taratibu alikuwa akiitazama barabara.

Jumatano asubuhi, wifi yake, yaani dada wa mume, aliyekuwa bado hajaolewa na ulimi wake ukiwa bado haujafundwa, alitoka chumbani akiwa na mswaki mdomoni.

"Nani anachoma ndala?"

Hakuna aliyekuwa anachoma ndala. Taratibu alifuata pua yake mpaka kwenye rafu ya chumba cha cherehani, chaja ilipochomekwa. Gauni la zambarau lilikuwa la moto. Alilifungua vifungo upesi, upesi wa ajabu kwa mtu kama yeye, akachomoa waya ukutani, akasimama na chaja mikononi kama mtu aliyeshika mtoto mwenye homa. Alipoichomeka tena mahali pengine, taa haikuwaka. Nyekundu hakuna, kijani hakuna. Feni kimya. Kwenye baiskeli, vijiti vilikuwa vimebaki viwili, na viwili havifiki hata kwenye Kona ya Pumzi, sembuse kushuka na kupanda.

"Imekufa," alisema wifi, akauondoa mswaki kwa heshima ya marehemu. "Na kesho ndiyo kesho yenyewe."

Mama mkwe alivaa miwani, akaishika chaja, akaitikisa sikioni. "Itakuwa umeme wa usiku. Huu umeme unakuja kwa hasira." Kisha akaongeza, akilikunja lile gauni vizuri, "Hata hivyo imekufa na nguo yake."

Taratibu akaifunga chaja kwenye kanga, betri akaiweka begani kwenye mfuko, akatoka.

Alianzia dukani kwa muuza vifaa vya umeme, kijana mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Alipoonyeshwa chaja alipiga miluzi, akapinda chini ya kaunta, akaibuka na nyingine, mpya, bado kwenye nailoni.

"Hii hapa dada yangu. Tena ina nguvu kuliko ile."

Taratibu aliigeuza, akatafuta maandishi. "Yangu imeandikwa volti arobaini na nane. Hii sitini."

"Si ndiyo zaidi? Wewe ukipewa zaidi unakataa?"

"Betri ni ile ile."

"Dada, chaja ni chaja. Tazama mdomo." Akachukua waya wa chaja mpya, akausogeza kwenye tundu la betri aliyokuja nayo, ukaingia laini kama ulitengenezewa pale. "Umeona? Nakuwashia sasa hivi uione inavyokula."

Taratibu aliutoa mdomo ule kabla mkono wa kijana haujafika kwenye swichi. Alikuwa ameiangalia betri ile kwa muda mrefu kuliko alivyoangalia sura yake kwenye kioo, na alijua imeandikwa nini kila upande.

"Imeingia," alisema. "Ndiyo inayonitisha."

"Mnaosoma soma hivi ndio mnaotuchelewesha."

"Ya arobaini na nane utaipata lini?"

"Niagize, wiki ijayo."

Wiki ijayo muuza mikate angekuwa anapiga kengele yake mwenyewe. Taratibu akaifunga tena chaja kwenye kanga, na kijana, ambaye moyo wake haukuwa mbaya, akamwelekeza kwa kidevu: nyuma ya kinyozi, mlango wa bati, kwa Fundi Pua.

Fundi Pua alikuwa mzee mwembamba, amezungukwa na redio zilizofumuliwa matumbo. Watu walisema ana vipimo vyote vya umeme ila anaviweka kwa ajili ya kumwonyesha mteja, maana yeye huanza kwa kunusa. Hakuuliza chaja ina nini. Aliiweka chini ya pua, akafumba macho, akavuta.

"Shikamoo fundi," alisema Taratibu.

"Marahaba. Ngoja." Akavuta tena, upande wa pili. "Inanuka samaki."

"Samaki?"

"Kapasita ikipasuka hunuka samaki aliyelala. Hilo dogo, zipo hapa." Akaisogeza tena puani, mara hii na uso uliokunjamana. "Kinachonishangaza ni harufu nyingine. Inanuka kitambaa kilichoungua. Hii chaja, dada yangu, umeipigia pasi?"

Taratibu aliikunja kanga. Akatazama mikono yake.

Fundi alichukua bisibisi, akafungua skrubu, akakifunua kifuniko. Ndani, mahali feni ilipopaswa kuzunguka, palikuwa na kitu kama kiota cha ndege mdogo, kimejisokota kwenye ekseli mpaka mabawa ya feni hayana nafasi ya kugeuka. Kiota cha zambarau. Fundi alikishika kwa koleo, akavuta uzi, ukaja, ukaja, ukazidi kuja, kama wale wachezaji wa mazingaombwe wanaotoa vitambaa mdomoni.

Taratibu aliuona ule uzi kabla fundi hajausema. Alikumbuka. Lile gauni kwa nje lilikuwa limenyooka kama la bibi harusi, lakini alipolifungua vifungo asubuhi ile aliona ndani mshono uko wazi, nyuzi zinaning'inia. Mama mkwe, ambaye hajapata kutoa nguo ya mteja bila kufunga mshono wa ndani, hakuufunga ule. Kwa nini aufunge? Chaja haina ngozi ya kuwashwa.

"Ina nguo?" aliuliza fundi.

"Ina gauni," alisema Taratibu kwa sauti ndogo.

Fundi alimtazama aone kama anataniwa. Hakutaniwa. Akaweka koleo chini.

"Sikiliza. Haya matundu ndiyo pua yake. Mmeiziba pua, kisha feni ikavuta nyuzi za hilo gauni ikajinyonga. Tangu ivishwe, chaja inapandwa na joto, inajikata, inapoa, inaanza tena, inajikata. Betri yako imekuwa ikila nusu tumbo. Hukuona taa inabaki nyekundu mpaka asubuhi?"

Aliona. Alidhani chaja imechukua tabia ya mwenyewe.

"Kwa hiyo betri si mbovu?"

Fundi aliivuta betri, akainusa kidogo, mara hii akachukua na kipimo, pengine kwa ajili yake. "Hii betri ina njaa. Hakuna ugonjwa hapa."

Taratibu aliipapasa ile betri. Mlimani kule, mara zote zile alizosukuma, kumbe alikuwa anasukuma kitu kizima.

Fundi alifanya kazi bila haraka, na aliyekuwa anamtazama hakuwa na haraka pia. Aliziondoa kapasita mbili zilizovimba vichwa, akalehemu nyingine. Akabadilisha fyuzi. Feni ile ya kale akaitupa, akachomoa feni ya ukubwa ule ule kwenye tumbo la kompyuta iliyokufa, akaifunga mahali pake, akapuliza vumbi kwa brashi kila pembe. Alipochomeka waya, feni ikavuma sauti nyembamba safi. Alipoiunganisha na betri, taa ikawaka nyekundu.

"Inakula," alisema fundi. "Sasa nikwambie, na umwambie aliyeivisha. Ikirudi kwenye gauni, itakufa tena, na safari hii haitakufa peke yake. Itaondoka na rafu na pazia."

"Aliyeivisha ni mama mkwe."

"Aaa," alisema fundi, na kwa mara ya kwanza akaonekana kumwonea huruma. Aliufunga ule mpira wa uzi kwenye kipande cha gazeti, akampa. "Basi hiyo kazi siiwezi mimi. Hiyo yako."

Njiani Taratibu aliyapanga maneno na kuyapangua. Mtu huwezi kumwambia mama mkwe mkono wako umeharibu. Si mama mkwe huyu, ambaye mtaa mzima unavaa mkono wake. Angeweza kuificha chaja chumbani kwake, akaiacha uchi kimya kimya. Lakini chumbani kwake hakuna soketi. Soketi ni ile ya kwenye rafu. Na mama mkwe hupita kwenye rafu ile kila dakika kuchukua chaki.

Mlangoni alimkuta wifi, anasubiri kama mtu mwenye habari inayomchoma.

"Wifi, imepona?"

"Imepona."

"Pole. Mama anaishonea la pili."

"La pili nini?"

"Gauni. Jeupe. Anasema imetoka hospitali, haiwezi kurudia nguo ya ugonjwa." Wifi alijishika mbavu. "Amelitia pamba katikati, isipate baridi."

Taratibu alifunga macho. Jua lilikuwa limeshaanza kulalia upande wa pili, na betri ilitaka mchana wote uliobaki na jioni yote ili ishibe.

"Wifi, njoo tumwambie pamoja."

"Nani? Mimi? Mimi natarajia kuolewa kutoka nyumba hii. Ingia mwenyewe, mimi nitakuombea dua hapa hapa mlangoni."

Akaingia. Mama mkwe alikuwa kwenye cherehani, gauni jeupe tayari limefika kwenye vifungo.

"Mwanangu, imezinduka? Ilete niijaribishe."

Taratibu hakuitoa chaja. Akapiga moyo konde, akakifungua kile kipande cha gazeti, akakiweka kwenye meza ya cherehani, chini ya mwanga.

Mama mkwe alishusha miwani. Hakuhitaji kuuliza ni uzi gani. Aliuvuta kwa kucha mbili, akausugua, akautazama ulivyopinda.

"Huu ni wangu," alisema polepole. "Zambarau ya ile roli ya mwisho. Umetoka wapi?"

"Ndani ya feni, mama."

Mguu wa mama ukaachia pedeli. Cherehani ikatulia. Nje mlangoni nako kulitulia.

"Mshono wa ndani," alisema mama mkwe, kama anayejisemea. "Sikuufunga. Tangu nina meno ya utoto sijaacha mshono wa ndani wazi, leo nimeuacha, na umekwenda kuua." Akasimama, akalichukua gauni jeupe, akaligeuza nje ndani kwa aibu ya fundi aliyekutwa. "Basi hili tazama. Nalifunga kote, mara mbili. Hautatoka hata unywele."

Taratibu alikuwa ameyapanga maneno mengi njiani. Yote yalikimbia, likabaki moja tu, lile ambalo hakulitaka.

"Mama, ikae uchi."

"Nini?"

"Mshono si kitu, mama. Hata ukiufunga. Yale matundu ndiyo pua yake. Tukiifunika inakosa pumzi, inaungua. Haitaki nguo. Hata ya kutoka hospitali."

Mama mkwe alimtazama huyu mke wa mwanawe ambaye kwa miaka alikuwa akisema "ndiyo mama" na "sawa mama" na hakuna la tatu. Taratibu hakuinamisha macho.

"Fundi ndiye aliyesema?"

"Fundi amesema. Na mimi nimeona. Na kesho ni mlima, mama. Ikiungua leo, kesho narudi kwenye vifungo."

"Kwa hiyo nimeipenda mpaka nikaiziba pua."

"Umeipenda kweli, mama. Ilizidiwa."

Kutoka mlangoni ilisikika sauti ya mtu anayebana kicheko kwa kanga. Mama mkwe akageuka. "Na wewe unayechekea mlangoni, ingia, beba cherehani upande ule. Tunahamia uani."

"Cherehani? Kwani imefanya nini?"

"Inatoa vumbi la nyuzi. Leo humu ndani hapashonwi. Fungua na dirisha, chaja inataka hewa."

Ndivyo ilivyokuwa. Chaja ikawekwa juu ya rafu tupu, nyeusi, uchi wa mnyama, na waya wake ukaingia kwenye betri, na taa ikawaka nyekundu. Mama mkwe alizishonea sare za watoto uani, akawa kila mara anainuka kwenda kuchungulia dirishani.

"Inapumua?" anauliza.

"Inapumua," anajibu wifi. "Ila inaona haya."

Jioni mama aliweka kiganja karibu na matundu, akasikia upepo mdogo wa vuguvugu unamgusa. Akaurudisha mkono taratibu. Kisha, bila kumwambia mtu, akaenda akaivua na televisheni shela yake, na friji likafunguliwa vifungo vya gauni lake mgongoni.

Alfajiri Taratibu alipoamka, taa ilikuwa kijani. Ilikuwa kijani iliyotulia, na feni imenyamaza kwa kumaliza kazi. Alipoipachika betri kwenye baiskeli, vijiti vyote kwenye kioo vilisimama, hata kile cha mwisho juu kabisa ambacho hakuwahi kukiona tangu gauni liliposhonwa. Alikihesabu kwa kidole, asiamini macho.

Akapanda mlima akikanyaga pedeli, mota ameizima, ili chaji yote ibaki kwa ajili ya mtihani. Zahanati, nesi mkuu alikuwa ameshaandaa masanduku mawili ya barafu. Ndani ya kila moja aliweka chupa ndogo zilizojaa maji mekundu mpaka mdomoni, kila moja imezibwa kwa pamba nyeupe.

"Mtashuka hadi maabara, mtagusa mlango, mtapanda. Nikifungua, pamba zitaniambia mlivyoendesha."

Moshi alipiga teke la kuwashia, pikipiki ikaunguruma mpaka mgonjwa mmoja dirishani akaziba masikio. "Taratibu, tukutane Kona ya Pumzi," alisema. "Nitakupungia." Akaondoka, na kama kawaida yake, nusu yake ikabaki hewani.

Taratibu alifunga sanduku kifuani kwa mikanda, si nyuma kwenye kiti, maana alishaona nyuma kunavyoruka kwenye mawe. Akashuka. Kila shimo la barabara ile alilijua; alikuwa ameitembea kwa miguu akisukuma, na mtu anayesukuma huiona barabara kuliko anayepita. Hapa alikwepa kushoto, pale akapunguza, penye matuta akasimama kidogo kwenye pedeli ili miguu imeze mtikisiko. Maabara akagusa mlango. Moshi alikuwa ameshageuza, amepita na vumbi lake.

Kisha mlima ukaanza.

Mwanzoni hakuangalia kioo. Aliogopa. Mota ilivuma, magurudumu yakashika, nyumba zikaanza kubaki chini. Alipita kwa kinyozi, akapita kwenye kisima, akaona mbele Kona ya Pumzi inavyojikunja kama kiwiko. Na pale kwenye kona, pembeni mwa barabara, wamesimama watu wawili: mama mkwe, utepe bado shingoni, amejifunga kanga kiunoni kama mtu wa kazi nzito, na wifi amekaa juu ya jiwe anatafuta pumzi.

Mama alikuwa amepanda mlima ule kwa miguu, nyuma yake, ili baiskeli ikifika pale amsaidie kusukuma. Hakuwa ameambiwa kwamba kusukuma ni kushindwa.

Taratibu akatupa jicho kwenye kioo. Kijiti kimoja tu kilikuwa kimedondoka. Kimoja. Akaikaba ile kona, akainama mbele, akaifungulia mota yote iliyokuwa nayo, na baiskeli ikapanda kama inashuka. Haikukohoa. Haikusita. Ilipita pale pale ilipokuwa ikifia, ikaongeza mwendo.

"Mama, siwezi kusimama."

"Nani kakwambia usimame?" mama alisema, akirudi nyuma kumpisha, mikono yake iliyojiandaa kusukuma haina cha kusukuma. "Pita, mwanangu. Pita zako."

"Na mimi nimepanda mlima huu kwa ajili gani?" wifi alisikika akilalamika nyuma. "Si bora ningepakiwa."

Taratibu alicheka peke yake, kwa sauti, mpaka getini.

Moshi alikuwa amefika zamani, amekaa juu ya pikipiki yake anajipepea. Alipomwona anaingia akiwa kitini, mkono wa kupepea ukaishia hewani.

Nesi mkuu alifungua sanduku la Moshi kwanza. Pamba zilikuwa za waridi, nyingine zimeng'oka kabisa zinaelea. Akafungua la Taratibu, akazitoa chupa moja moja, akazisimamisha kwenye meza ya baraza. Pamba zote zilikuwa nyeupe, kama zimetoka kwenye paketi.

"Barabara ndiyo mbovu, nesi," alisema Moshi.

"Mwenzako alipita barabara gani, ya angani?"

Moshi alijikuna kisogo. Hakuwa mtu wa kinyongo. Aliizunguka baiskeli ile, akaikagua kama aliyeonyeshwa ng'ombe aliyedhani ni mbuzi. "Wewe umeilisha nini hii?"

"Hewa," alisema Taratibu.

Nesi mkuu hakuwa na habari na mazungumzo yao. Alishaingia ndani, akatoka na sanduku jingine, hili limebandikwa msalaba, akalitia mikononi mwa Taratibu. Lilikuwa zito kidogo kuliko lile la majaribio, na baridi.

"Hii si maji. Kuna mama wa humo wodini anasubiri majibu yake."

"Niende sasa hivi?"

"Ulitaka uende lini?"

Akalifunga kifuani, akakaza mikanda, akaipanda. Watu waliokuwa wamekaa benchi wakisubiri zamu walijisogeza kumpa njia, na mmoja akamuuliza mwenzake, nani huyu. Mwenzake akasema, huyu ndiye wa damu. Taratibu akalisikia. Akashuka mlima kwa mwendo wake ule ule, bila kulitikisa hata jani, akapita kwenye kona ambako hakukuwa na mtu tena, akapita kwa kinyozi, akafika maabara akagonga.

Dirisha dogo likafunguliwa. Mtu wa maabara alitazama sanduku, akamtazama yeye.

"Ya mlimani hii? Nani anayeleta siku hizi?"

"Mimi," alisema Taratibu. "Kuanzia leo naleta mimi."

Akasubiri wakamtolea sanduku tupu, akalifunga, akaugeuza usukani kuuelekea mlima. Palikuwa na kupanda tena, na alikuwa na hamu nako.